Chesisi ya Landrova ya Foremani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata spana. Foremani wa karakana ya serikali, mtu mrefu mwenye sauti kavu, alinitazama kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kisha akanipa nyundo ndogo na kipande cha gunia.

"Tandika hapo chini ya gari ulale," akasema. "Gonga chesisi mwanzo mpaka mwisho. Ukimaliza, uniambie umesikia nini."

Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na wenzangu walijipanga kando wakingoja nitoke nikilia. Nikalala. Chesisi, kwa asiyejua, ni uti wa mgongo wa gari: vyuma viwili virefu vinavyobeba injini, bodi na watu. Chuma kizima ukikigonga hulia kama kengele ya shule. Kilicholiwa na kutu kwa ndani hujibu du, kama sanduku lililojaa nguo. Nilitoka na vumbi machoni nikasema nimesikia du mahali pawili. Foremani akaingia mwenyewe chini, na ovaroli yake iliyopigwa pasi.

"Patatu," akasema alipotoka. "Usitie sahihi kazi ambayo hukuilalia."

Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Kisha nikapelekwa Isiolo kwa Mhandisi wa Mkoa, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina, na baadaye Lodwar, ambako Msimamizi wa Magari alinipokea kwa kusema, "Huku vipuri hakuna. Akili umekuja nayo?" Huko nilijifunza kunyoosha springi kwa moto wa makaa. Tulipopunguzwa kazini nilirudi Nairobi nikafungua kibanda changu Mowlem, na hapo nikazeekea.

Mwaka juzi jirani yangu Wafula, aliyekuwa amestaafu kiwandani, aliniletea landrova ya zamani, ya kijani, inayong'aa kama sahani ya wageni. Alikuwa ameinunua kwa Foremani wangu yuleyule, ambaye sasa aliishi Komarock na alikuwa ametumia miaka ya kustaafu kwake kuifufua. Wafula alitaka nimchomelee viti vya nyuma tu. Desemba angewapakia mkewe na wajukuu, ateremke Bonde la Ufa, awafikishe Bungoma.

Nililala chini yake kwa mazoea. Bodi ya gari hilo ni alumini, haishiki kutu, na ndiyo humdanganya mnunuzi, maana chesisi ni ya chuma. Nikagonga. Ikalia vizuri mpaka nilipofika nyuma kushoto, pale springi inaposhikiliwa. Du. Nikachukua bisibisi nikakwangua lami nyeusi iliyopakwa hapo. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Chini ya lami kulikuwa na bati, na chini ya bati hakukuwa na kitu.

Nilitoka nikamweleza Wafula. Springi hiyo ikichomoka mteremkoni, ekseli, chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma, itapinda na gari litakwenda linakotaka lenyewe.

"Si huyo mzee ndiye aliyekufundisha kazi?" akaniuliza. "Mmepanga, Mama Njoki. Yeye auze, wewe utengeneze."

"Baba, chungulia mwenyewe."

"Limetoka Komarock mpaka hapa bila neno!" Akaingia ndani, akawasha injini.

Sijui nilipata wapi moyo ule. Nilisimama mbele ya bampa, nikaweka mikono juu ya boneti. Injini ilitetemesha viganja vyangu.

"Toka, mama."

"Sitoki. Wajukuu hutawapandisha humu."

Tulitazamana kupitia kioo. Mwishowe akazima. Tulikwenda Komarock kwa matatu.

Foremani alikuwa sebuleni, fimbo magotini. Nilipomwambia alichokificha yule aliyepaka lami, alisema neno moja tu: "Uongo." Akadai kuletwa kwenye kibanda changu, akadai nyundo, akadai gunia litandikwe. Akashika ubavu wa gari ili ashuke chini. Magoti yakakataa. Alijaribu tena, na mara ya tatu akabaki ameinama hivyo, akipumua kwa nguvu, nami nikaogopa kumshika.

"Sikulala chini yake," akasema, uso wake ukielekea bodi ya gari. "Sehemu ya chini nilimpa mtu mwingine. Nilisimama kando nikaamini." Akageuka. "Bwana Wafula, kosa ni langu. Huyu mama hana hatia. Ukitaka kunirudishia gari, ni haki yako."

Wafula alilizunguka gari lake, akapiga teke gurudumu la nyuma. "Litengenezeni," akasema. "Lakini nitakaa hapa nikiwatazama."

Akakaa kweli, kila siku, kwa majuma matatu. Nilikata chuma kibovu chote, nikakunja kipya cha unene uleule, nikachomelea. Foremani alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando yangu. Nilipotangaza nimemaliza aliomba kusogezwa, akapitisha kidole kwenye mshono wangu polepole.

"Hapa pana tundu."

Nilivaa miwani, nikatazama. "Mzee, hamna."

"Lete taa."

Lilikuwepo, dogo kama ncha ya sindano, na ufa huanzia hapo. Wafula alinitazama mimi, si yeye. Nilikisaga kipande kile chote nikakichomelea upya.

Tulilipeleka kujaribiwa kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, Njiru, limepakiwa magunia ya mchanga. Wafula alishika usukani, nami nikakaa kando yake. Foremani akataka kupanda nyuma, upande wa kushoto, juu ya springi ileile.

"Mzee, hapana," nikamwambia.

"Kama ni kukatika, ikatike na mimi."

Tuliteremka. Mawe yaligonga, magunia yakaruka, na katikati ya mteremko gari lilishuka kwa kishindo ndani ya shimo upande wa kushoto. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa chini, tumesimama, Foremani bado amekaa nyuma, Wafula akiendelea kukanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikashuka, nikalala kwenye vumbi, nikagonga. Ikalia kama kengele kushoto na kulia.

Desemba Wafula alinipigia simu kutoka Bungoma, na nyuma ya sauti yake nikasikia wajukuu wakigombania kiti cha mbele.

Januari nilifunga kibanda. Mafundi vijana wa Umoja na Dandora huniita niwakagulie kazi, nami huenda, lakini huwaambia wamwite na mtu wa pili. Huniuliza kwa nini niliacha na hali mikono yangu bado ina nguvu. Mikono sikuwa na shida nayo. Siku ile, na miwani yangu machoni, ningekuwa tayari kuapa kwamba tundu halikuwepo.