Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Mtakayosikia hapa hamtayaamini, lakini viatu vyenyewe hivi, na fundi aliyevishona mara nne ni huyu mjomba wenu, ambaye mtaa mzima hana mpinzani. Mwenye viatu ni mmishonari wa Kimormoni kutoka ng'ambo, kijana wa miaka kumi na tisa, na beji yake kifuani imeandikwa "Mzee". Mzee, na kidevu hakina hata unywele! Jumanne hadi Jumapili yeye na mwenzake hubisha hodi nyumba kwa nyumba, wakiahidi kwamba familia zitakaa pamoja milele, na akifungiwa mlango, huuambia mlango asante. Jumatatu hupumzika: hufua, humpigia simu mama yake mgonjwa, kisha huja kukaa peku kwenye benchi la fundi, akinyoosha tai kwa vidole viwili. Kiswahili chake ni cha kitabuni. Siku ya kwanza alisema, "Mjomba, leo nimekufa nguo zote," watu wakavunjika mbavu. "Sema nimefua, Mzee! Wanaokufa ni watu." Akaandika kwenye kidaftari chake.

Jumatatu iliyopita alifika macho mekundu, akasema polepole, "Mjomba, mama amefua." Maskini, alikuwa ameyachanganya tena, alitaka kusema amekufa. Na mjomba wenu, alivyo mwepesi wa kuelewa, hakungoja neno la pili, alitupa sindano, akamkumbatia, akalia machozi ya kujaza ndoo na—

"Mjomba," akasema Mzee kutoka mlangoni, "ulicheka. Ulisema, kama anafua, basi amepona."