Mwizi wa Umeme wa Haji Mizhir

Kila alasiri breka ya uani ilikata umeme, na Haji Mizhir hakuwa na haja ya ushahidi: jirani yake Abu Ghayib alikuwa akimwibia umeme kupitia ukuta wao. Siku ya tatu akamwita fundi Kadhum, ili amkamate mwizi huyo.

Fundi akachomoa kila kitu cha uani, breka ikatulia. Akarudisha kimoja kimoja, pampu, feni, kimya. Ilipofika zamu ya taa ya ukutani, pap! Akaifungua, maji yakamchuruzika mkononi.

"Haji, Basra haijaona mvua miezi mitano. Haya maji yametoka wapi?"

"Namwagia ua huu maji kwa mpira, kupoza sakafu kabla ya chai. Nani hamwagii?"

"Sakafu, sawa. Taa iko juu ya kichwa changu!"

Haji akakohoa. "Pale juu napiga maji kwa nguvu. Waya wa Abu Ghayib lazima umejificha kwenye yale maua yaliyotambaa ukutani, nataka niufichue."

"Basi mwizi wako ni huo mpira wa maji, mzee wangu."

Haji akautazama mpira, uso ukamchangamka.

"Huu si wangu. Kaniazima Abu Ghayib. Si nilisema?"