Umeona, au Umesikia?

Kwa miaka kumi na tisa, mwalimu wa darasa la pili alisahihisha insha ile ile: "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne. Hutupatia maziwa." Watoto arobaini, ng'ombe arobaini, na nusu ya watoto hao hawajawahi kusogelea hata ndama! Mwaka huu uzalendo ukamshinda. Akafuta ubao, akawaambia waandike kitu walichokiona wenyewe, na kila aliyeleta daftari alimuuliza, "Umeona, au umesikia?" Haikupita wiki wakambatiza Bi Umeona.

Mwalimu mkuu hakufurahi. Mzazi mmoja alishalalamika kwamba mwanawe kaeleza, hatua kwa hatua, bibi yake anavyovua meno na kuyalaza kwenye glasi.

"Akija mwingine kulalamika," alisema, "tunarudi kwa ng'ombe."

Bi Umeona aliitikia, lakini roho ilimuuma. Watoto walikuwa wameanza kujaza kurasa mbili bila kusukumwa, naye alikuwa ameanza kuyapenda madaftari.

Ijumaa akaja mwingine: fundi viatu, vidole vyeusi kwa rangi, kamshika bintiye mkono. Mwalimu mkuu akawahi mlangoni kama aliyeitwa kula.

"Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta shule aikimbie kazi yangu," fundi alisema. "Sasa naambiwa anaandika viatu!"

"Umeisoma insha yake, baba?"

"Nimeambiwa."

"Kumbe umesikia tu," akasema Bi Umeona, na darasa zima likaangua kicheko. "Haya mama, msomee baba."

Binti alilifungua daftari. Sauti ilikuwa ndogo, wa nyuma wakasogea.

"Baba akigonga soli hubana misumari midomoni. Huwa saba. Hutoa mmoja mmoja, na hawezi kusema mpaka iishe. Hapo ndipo mimi humwambia mambo yangu, kwa sababu hanikatizi. Siku moja nilimwambia naogopa kusoma mbele ya watu. Misumari ikaisha kabla sijamaliza. Baba akachukua mingine saba akaibana, na kiatu kilikuwa kimeshakwisha."

Binti akafunua ukurasa. Bi Umeona akageukia ubao, akajifanya anatafuta chaki.

"Mzazi," mwalimu mkuu aliuliza, "lalamiko lako ni lipi hasa?"

Fundi alitikisa kichwa tu, midomo kaibana kana kwamba misumari bado imo, na bintiye akaendelea kusoma.