Kamera ya Mzee Évode Yalia Tena

Baba yake Vestine, mzee Évode, alikuwa mpiga picha Buyenzi, mjini Bujumbura. Familia iliporudi Rwanda, kamera yake ya kukunjwa ilinyeshewa njiani ikagoma, naye akafariki bila kuisikia ikilia tena. Mjane wake, mama Alida, aliiweka juu ya kabati nyumbani kwao Rwezamenyo.

Mwaka jana, mvua ilipomzuia kwenda kwenye cherehani yake Nyamirambo, Vestine aliishusha.

"Iache, mwanangu," mama akasema. "Mafundi wote walishindwa."

"Waliitazama mara moja tu, mama. Mimi niko nyumbani, nina nafasi."

Akafungua lenzi kwa bisibisi ya saa. Vibati vyembamba vinavyofunguka kupitisha mwanga vilikuwa vimegandana kwa mafuta yaliyokauka. Akavidondoshea petroli ya kujazia viwashio vya sigara, akafuta kwa pamba, akabonyeza. Kimya. Akarudia na kurudia, mpaka mama akafungua madirisha yote kwa ile harufu. Vestine akakata tamaa, akaenda kutazama maharage jikoni. Aliporudi akabonyeza tena, basi tu.

Cha!

Mama Alida akatoka chumbani bila viatu. "Hiyo ni yenyewe! Sauti hiyo naijua!"

Ukabaki mfuko wa ngozi, ule unaojikunja nyuma ya lenzi. Vestine akajifungia bafuni, akazima taa, akawasha tochi ndani yake. Mwanga ukapenya kwenye kona zote. Akacheka peke yake: matundu kwenye mikunjo! Kuziba matundu ya nguo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Akabandika vipande vya bitana nyeusi kwa gundi, akajaribu tena, giza likawa kamili.

Norman, mpiga picha za harusi wa Kimironko ambaye bado husafisha filamu kwake, akampa mkanda mmoja wa filamu. Vestine akamkalisha mama uani.

"Tulia, mama."

"Nimetulia, piga basi!"

Norman alizileta picha mwenyewe, akipiga honi ya pikipiki tangu kwenye kona. Mama Alida alionekana wazi kabisa, kila mkunjo wa uso, hata hereni. Vestine akapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani, picha ikapita mkono kwa mkono.

Ilipomrudia, mama aliitazama.

"Évode hakuwahi kunipiga vizuri hivi," akasema. Kisha akawageukia majirani: "Nendeni mkavae vizuri. Mpiga picha yuko."