La Mineur ya Yaya Wilondja

Asubuhi ya leo nilifungua kufuli la stoo, na kutu ikaniachia harufu yake vidoleni. Nilisimama mlangoni kwa muda. Harufu hiyo hunirudisha kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwenye gitaa la kaka yangu Wilondja, ambalo baadhi ya nyuzi zake zilikuwa waya wa breki ya baiskeli.

Wilondja alikuwa mkubwa wetu. Sisi wadogo tulimwita Yaya, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa. Alipanda boti kwenda rasi ya Ubwari kuimba kwenye harusi, akabeba gitaa la kanisa lenye sauti kubwa, lake akaliacha ukutani. Boti haikufika. Wengine waliokolewa, wengine ziwa likawarudisha ufukweni. Yeye hakuonekana.

"Ziwa haina kaburi, mama," majirani walimwambia mama, wakitaka akubali matanga yafanyike. Hakukubali.

Gitaa likabaki kwenye msumari wake. Upepo ukiingia dirishani, nyuzi zilinguruma zenyewe, polepole, nasi tuliokuwa tukila tuliacha kutafuna. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Hatimaye mama alimwita Asukulu, rafiki wa Yaya, aliyekuwa akiimba naye.

"Mufundishe huyu mutoto," alisema, akinionyesha mimi. "Sitaki upepo ndiyo ikuwe inapiga."

Nilikuwa msichana mdogo mwenye vidole vifupi. Asukulu aliniketisha nyuma ya nyumba, akanipanga kidole kimoja kimoja juu ya nyuzi.

"Hii ni la mineur," alisema, kwa jina la Kifaransa la mpangilio ule wa vidole. "Hii kidole ya kwanza, ukiisogeza kidogo tu, gitaa inacheka. Ukiirudisha, inalia."

"Nifundishe ile ya kucheka."

"Siku ingine. Wilondja alikuwa anaanza na hii."

Vidole vilichubuka, vikanuka kutu hata baada ya sabuni. Sauti iliyotoka haikuwa ya kulia wala kucheka. Jirani yetu aliuliza kwa upole ni sufuria gani ile tunayoikwangua kila siku isitakate.

Kisha Jumapili moja mchana, baada ya misa, nilibonyeza, nikapiga, na nyuzi zote zikaitika pamoja. Hakuna iliyokwama. Nikapiga tena. Jikoni, mwiko wa mama ukanyamaza ndani ya ugali. Ikaja sauti yake, ya chini, ile aliyoitumia kwa mtu mmoja tu.

"Wilondja, kuya kula."

Asukulu aligeuka kutazama njia inayotoka ziwani. Nami niligeuka. Njia ilikuwa tupu.

"Wende," Asukulu alininong'oneza. "Anakuita."

"Haniite mi."

"Wende tu."

Nilikwenda. Mama alikuwa ameandaa sahani ya Yaya, na kichwa cha samaki ambacho siku zote kilikuwa chake. Nilikula bila kuinua macho. Alinitazama mpaka nikamaliza, akanimwagia maji ya kunawa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile akili ya mama ilipotea kidogo, nikawa naiogopa la mineur kana kwamba inafungua mlango. Sasa nami nina watoto wa kuwaita mezani. Mlango wa jiko letu ulitazamana na pale nilipokuwa nimekaa. Mama alikuwa akiniona muda wote, na sketi yangu ya kanisani. Alijua vizuri ni nani anayepiga. Alitaka tu kuliita jina lile mara moja zaidi, na mtu aje.