Kidude cha Shaba Kilichotoka Chale

Tulikuwa watano barazani: mimi, mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, wifi yangu aliyekuwa kitinda mimba wake, mwalimu wa msikiti wetu, ambaye ni binamu ya baba yangu, na Mzungu mgeni wa Diani, asiyekuwa na udugu na yeyote. Majina yao yote ninayo, lakini wajukuu wao wapo, basi nayaacha.

Bendera yetu ya uhuru ilikuwa bado mpya. Mume wangu alikwenda kisiwa cha Chale kukata boriti, mtumbwi wake ukaokotwa mtupu. Mwaka ukapita. Wengine walisema amezama, wengine walisema yuko Tanga, ameoa huko. Mavyaa alilishika la Tanga. Mimi sikuwa mke, sikuwa mjane. Nilimwomba mwalimu anikalishe eda na marehemu asomewe hitima. Akaniambia, "Mwanangu, watu wake wakikiri amekufa, nitasoma. Wewe peke yako huwezi kumfisha mtu."

Sasa Mzungu yule alikuwa na mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Ina sahani chini, ikipita juu ya chuma inalia. Alikuwa akitafuta sarafu za kale kule Chale, akafukua kidude cha shaba, chembamba, urefu wa kidole, ncha moja imebonyea, ya pili ina tundu. Akaja nacho kwetu kuuliza ni nini.

"Hii kijiko ya dawa?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi.

Wifi akacheka. "Dawa ya nani, ya sisimizi?"

Mimi nilikijua pale pale. Nikasema, "Ni cha kuchokolea masikio. Ni cha mume wangu. Alikigonga mwenyewe kwa waya, akakifunga kiunoni kwa ugwe. Hata kuoga hakivui."

"Kwani mwenye masikio ni yeye tu?" mavyaa alinikemea. "Wataka kuolewa, sema!"

"Mama, nataka asomewe. Kitazame tu, nakuomba."

Akageuza uso. Nikamshika miguu, nikalia bila haya mbele ya Mzungu. Mwalimu akakichukua kile kidude, akakiweka mkekani mbele ya mavyaa.

Kisha mavyaa akakiokota, akakipitisha kidole gumba pale penye bonyeo, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. Halafu akanivuta mkono, akaanza kunivua bangili, moja moja, kama avuliwavyo mjane. Ya mwisho ilikwama, akamtuma wifi mafuta ya nazi. Mwalimu akainua mikono kuomba dua. Mzungu akawa anauliza, "Nini? Nini hii?"

Wifi, mpaka anaingia kaburini, alishikilia kuwa mamake alisema, "Ni chake." Mimi niliyekuwa miguuni pake sikusikia neno. Labda kilio changu kililifunika. Kama yupo aliyesimuliwa na mwalimu au na mavyaa mwenyewe, naomba anisahihishe. Nataka kujua kama alilitamka.