Mama Kiti na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Saa mbili asubuhi, kwenye chumba cha mwisho cha chuo cha ualimu, mkufunzi wa hisabati anaiweka kompyuta juu ya dawati la nyuma kabisa. Anarudi ubaoni, anaikazia macho na kuikemea: "Wewe huko nyuma, unanisikia?"

"Tunakusikia, Mama Kiti!" zinajibu kutoka kwenye kompyuta sauti za wanachuo walio mbali, zikifuatiwa na vicheko.

Jina hilo alilipata muhula uliopita. Wanachuo wake walikuwa wametawanyika mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mkuu wa chuo akatoa tamko: mkufunzi asiyeweza kufundisha kwa mtandao atahamishiwa stoo ya vitabu.

Mama huyu, aliyekula chaki miaka ishirini na sita, akawasha kompyuta mezani, akasalimia, kisha akageukia ubao kama alivyozoea. Akafundisha mada ya sehemu, nusu na robo, mpaka jasho likamtoka. Wanachuo waliita weee, kumbe sauti yao alishaizima bila kujua. Kipindi kizima walitazama kiti kitupu.

"Chuoni hapa habari ina miguu," anasema baada ya kipindi, akijishika mbavu. "Sijafika hata getini, mwenzangu mmoja ananiuliza, 'Eti leo kiti kimefundisha mada gani?' Nilicheka naye. Nyumbani nikalia. Mimi na stoo wapi na wapi?"

Kesho yake akapigiwa simu na binti mmoja, mwanachuo wake aliyekuwa mazoezini.

"Mama, si wewe uliyetuambia mwalimu asimame pale mtoto wa dawati la nyuma anapomwona?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi sisi ndio watoto wa nyuma. Tupeleke huko."

Kompyuta ikahamia nyuma. Kila jioni wanachuo wakamfundisha kwa zamu: leo kufungua sauti, kesho kutuma zoezi. Akikosea, wanamwambia, "Rudia, Mama, hatukuchapi."

Mkuu wa chuo alipokuja kumkagua, alikaa ubavuni mwa kompyuta kipindi kizima. Alipotoka alisema tu, "Stoo itafute mtu mwingine."

"Nawashukuru wanangu," anasema mkufunzi. "Nilichowapa wamenirudishia, tena na nyongeza."

Sasa anataka kuwakusanya wakufunzi wenzake wanaoogopa kuchekwa, awafundishe Jumamosi.

Kabla hajamaliza kueleza, mlango unagongwa. Ni yule mwenzake wa "mada gani," kompyuta kaificha ndani ya mfuko wa sokoni.

"Dada, una nafasi?"

Anamvutia kiti. "Kaa, kaka. Hiki kina uzoefu."